Barua ya wazi kwa Wizara ya Nishati, EWURA na TANESCO: Jiko la umeme lilipiwe kama mkaa unavyolipiwa

Waheshimiwa viongozi,

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari hapa Morogoro. Kila mwaka nawafundisha watoto wa kidato cha pili jinsi joto linavyosafiri, kwa nini maji huchemka, na kwa nini mfuniko ukifungwa sawasawa chakula huiva haraka. Ni somo la kurasa chache tu, na watoto hulielewa upesi. Nimewaandikia kwa sababu somo hilohilo limekwama jikoni kwa jirani yangu, na kilicholikwamisha si fizikia.

Jirani yangu ni mama lishe. Kibanda chake kiko karibu na kijiwe cha bodaboda, na vijana wale ndio wateja wake wakubwa. Saa kumi na moja alfajiri huwa ameshawasha jiko la kwanza. Maharage ya mchana huyabandika saa moja asubuhi, na kwa kawaida saa nne ndipo hugusa chumvi. Katikati hapo ni kupepea. Hana feni wala mvukuto. Ana kipande cha boksi kilichoungua pembe, nacho hukipeleka kushoto na kulia mpaka mkaa ushike, huku uso ameugeuzia pembeni. Akimaliza hukohoa. Amekohoa hivyo miaka yote niliyomfahamu, kiasi kwamba siku hizi nikisikia kikohozi hicho najua tu kumekucha.

Jumamosi moja nilimpelekea jiko langu la presha la umeme. Nilitaka aone mwenyewe, asipokee kwa maneno yangu tu. Tuliweka nusu kilo ya maharage makavu, hatukuwa tumeyaloweka, tukamimina maji, tukafunga mfuniko. Kabla ya kuwasha nilimwomba aisome mita ya LUKU na aandike namba yake. Aliokota kipande cha mkaa, akaiandika namba hiyo juu ya lile boksi lake la kupepea. Kisha akaenda kukatakata nyanya, na kwa mara ya kwanza nilimwona akikata nyanya bila kuinuka kila dakika kwenda kutazama moto.

Saa moja haikuisha. Tulipofungua alichukua punje moja, akaibonyeza kwa vidole viwili, ikapondeka. Tukasoma mita tena. Umeme uliotumika haukufika nusu ya uniti. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, pamoja na kodi na tozo zake, uniti moja ni kama shilingi 356. Maana yake maharage yale yaliiva kwa chini ya shilingi 180. Mkaa wa kuivishia kiasi hicho yeye hununua wa shilingi elfu moja.

Nilidhani atafurahi, na kweli alifurahi. Lakini aliponiuliza bei ya jiko na nikamtajia laki moja na nusu, alilifunika taratibu, akasema: "Mwalimu, mkaa nanunua wa leo kwa hela ya leo. Hili jiko lako linataka hela ya mwaka mzima kwa siku moja."

Waheshimiwa, barua yangu yote imo katika sentensi hiyo.

Tunapozungumza habari za teknolojia ya kijani, mawazo yetu hukimbilia mbali: magari yasiyotumia mafuta, hidrojeni, betri za aina mpya zinazotengenezwa katika maabara za ng'ambo. Hayo yote yana nafasi yake, nami huwasimulia wanafunzi wangu kwa shauku. Lakini mapinduzi yaliyo karibu kuliko yote na Mtanzania wa kawaida yako ndani ya chungu. Chungu cha presha chenyewe ni cha kale. Mfaransa Denis Papin alikionyesha London mwaka 1679. Alichogundua ni kwamba mvuke ukizuiwa kutoka, maji hayachemki tena kwenye nyuzi 100 bali hupanda mpaka karibu na 120, na hapo mfupa hulainika na maharage husalimu amri. Kilicho kipya ni kuunganishwa kwa chungu hicho na vitu vingine vitatu: kuta zinazozuia joto lisitoroke, kipimo kinachohisi joto na kukata umeme chenyewe, na umeme usiotoka kwenye moshi. Kwenye mafiga matatu sehemu kubwa ya joto huishia hewani, kwenye macho na kwenye mapafu ya mpishi. Ndani ya chungu hiki karibu lote huingia kwenye chakula. Ndiyo maana jiko linalovuta wati 1,000 linaweza kupika kwa umeme mdogo hivyo: likishapata presha huzima, likipoa kidogo huwaka, kisha huzima tena.

Serikali imeliona jambo hili, na ninawapongeza. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Siku chache baadaye, mjini Paris, alikuwa mmoja wa viongozi walioongoza mkutano wa dunia kuhusu nishati safi ya kupikia Afrika. Taasisi zinazolisha watu wengi zimepewa amri ya kuachana na kuni na mkaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Nchi ambayo idadi kubwa ya kaya zake bado zinapikia kuni na mkaa haina budi kulichukua jambo hili kama vita.

Mkoa wangu unanionyesha sababu nyingine, ambayo naona haisemwi vya kutosha. Sisi tumekaa juu ya maji yanayozalisha umeme wa nchi hii. Kituo cha Kidatu, chenye megawati 204, kiko mkoani kwetu juu ya Mto Ruaha Mkuu. Mto Kilombero unakusanya maji ya milima ya Udzungwa na kuyapeleka Rufiji, na huko Rufiji ndiko lilikojengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, mashine tisa za megawati 235 kila moja. Mlima wenye miti hushika mvua na kuiachia polepole hadi kiangazi. Mlima uliokatwa huimwaga mvua yote kwa siku moja pamoja na udongo, na udongo huo hutafuta bwawa la kulala. Mkaa unaoteremshwa na pikipiki kila asubuhi kuja mjini hutoka kwenye misitu ya aina hiyo. Tunauchoma mti unaotunza maji ili tusitumie umeme unaotokana na maji hayohayo. Mgao wa mwishoni mwa 2022, mito ilipokauka, ulitufundisha sote bei ya kulisahau jambo hili.

Hali ya sasa ni tofauti. Mashine ya kwanza ya Bwawa la Nyerere iliwashwa Februari 2024, na mwezi uliofuata tulisikia kwamba vituo kadhaa vya umeme wa maji vimezimwa kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Jirani yangu alikuwa akipepea mkaa kwa boksi siku zilezile ambazo umeme wa nchi yake ulikosa wa kuutumia. Tunao umeme, na jiko lenyewe limeshabuniwa. Kilichobaki ni njia ya kuvikutanisha viwili hivyo, na njia hiyo iko mikononi mwenu. Naomba mambo matatu.

La kwanza, jiko lilipiwe kupitia LUKU, kidogo kidogo.

Mkaa haukushinda kwa sababu ni bora. Ulishinda kwa sababu unauzwa kwa mwendo wa kipato cha mtu maskini. Mwenye hela nyingi hununua gunia, wa kati debe, na asiye nazo hununua kopo, na wote watatu hupika siku hiyo. Umeme nao umeshajifunza mwendo huo: mtu hutumiwa shilingi elfu moja kwenye simu, ananunua uniti zake, taa zinawaka. Kilichosalia nyuma ni chombo peke yake. Laki moja na nusu ni fedha ambayo jirani yangu anaipata, ila haipati siku moja. Kwa shilingi 500 kwa siku angelimaliza deni hilo kwa siku 300, na mkaa anaoacha kuununua ungelilipa rejesho hilo na chenji ikabaki.

Uwezo wa kufanya hivyo upo tayari. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na baadaye ikapandishwa. Mita inayoweza kukata kodi inaweza kukata rejesho la jiko. Taa za sola zilizosambaa vijijini miaka iliyopita zililipiwa hivyohivyo, kwa simu, siku kwa siku, na watu ambao benki haziwajui walilipa. Najua kumekuwa na majaribio ya kukopesha majiko ya umeme. Naomba yasiishie kwenye majaribio. Yawe huduma ya kawaida, ambayo mteja yeyote mwenye mita anaweza kuingia ofisi ya wilaya, akasaini, akatoka na jiko. Na kwa kuwa Serikali imekwisha kutoa ruzuku kwenye mitungi midogo ya gesi, ruzuku ya aina hiyohiyo ikiwekwa kwenye jiko la umeme itapunguza siku hizo 300 zikaribie nusu.

La pili, ondoeni ukuta wa uniti 75.

Hapa nawaomba EWURA wanisikilize kwa makini, maana hesabu hii nimeifanya ubaoni mbele ya wanafunzi, na wao ndio walioniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Kwa utaratibu wa bei ulioanza mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Mteja wa kawaida wa kundi la T1 hulipa shilingi 292 kuanzia uniti ya kwanza. Hizo ni bei kabla ya kodi na tozo.

Chukueni mama mwenye taa, televisheni na friji ndogo, anayetumia uniti 50. Analipa shilingi 5,000 kwa mwezi. Sasa ameitikia wito, ameacha mkaa. Anapika mara mbili kwa siku, nusu uniti kila mara, yaani uniti 30 kwa mwezi. Jumla yake ni uniti 80. Amevuka mstari kwa uniti tano. Mwezi mmoja atalipia tano hizo bei ya juu. Lakini matumizi hayo yakiwa ya kila mwezi, yeye si mteja mdogo tena na atahamishiwa T1. Uniti 80 kwa shilingi 292 ni shilingi 23,360. Kabla ya kuanza kupikia umeme alikuwa akilipa 5,000. Uniti 30 za kupikia zimemwongezea shilingi 18,360, sawa na shilingi 612 kwa kila uniti, zaidi ya mara sita ya bei aliyoizoea.

Mwanafunzi mmoja wa kike aliyekaa mstari wa mbele aliniuliza: "Mwalimu, sasa huyu mama amekosea nini?" Hajakosea kitu. Amefanya tulichomwomba afanye. Bei ya D1 iliwekwa kwa nia njema, ili maskini apate mwanga. Wakati ule hakuna aliyetarajia kwamba maskini huyo atapikia umeme. Leo tunamtaka apike, kwa hiyo mstari lazima usogee pamoja naye.

Majirani zetu wa Uganda wamelishughulikia hili. Mamlaka yao ya udhibiti wa umeme iliweka bei maalumu ya kupikia: mteja wa nyumbani akivuka uniti 80 kwa mwezi, uniti zinazofuata mpaka 150 hushuka bei badala ya kupanda. Anayepika hazawadiwi adhabu. Sisi tunaweza kutafuta njia inayofaa nchi yetu. Inawezekana kumwongezea mteja wa D1 uniti za kupikia mara anapochukua jiko kwa LUKU, asihamishwe kundi kwa sababu yake. Inawezekana pia bei ipande kwa ngazi ndogondogo, ili anayezidisha kidogo alipe zaidi kidogo. TANESCO nayo itanufaika, maana uniti ambayo mama hainunui leo kwa sababu anapikia mkaa haiingizi hata senti.

La tatu, jiko liwe na fundi, na lijue kusonga ugali.

Nimelitumia jiko langu kwa muda wa kutosha kuzijua kasoro zake, na sitazificha. Makande, maharage, nyama ngumu, supu ya kongoro, hapo halina mpinzani. Wali linapika vizuri, ingawa wazee watasema wali usiopaliwa makaa juu ya mfuniko hauna harufu yake. Shida ni ugali. Chungu cha ndani hakijashikiliwa na kitu; ukishika mwiko ukaanza kusonga, nacho kinazunguka. Unahitaji mtu wa pili wa kukishika kwa kitambaa, na kinaunguza. Chombo kisichosonga ugali hakiwezi kuwa jiko pekee la nyumba ya Mtanzania. Jirani yangu aliligundua hilo siku ya pili tu.

Hapo pana kazi ya wataalamu wetu. Vibano viwili vya kukishika chungu kisizunguke ni jambo dogo kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TIRDO au SIDO. Mkitangaza shindano la kubuni jiko la umeme linalosonga ugali wa watu sita, nawahakikishia vijana wetu watalileta. TBS nao wasimamie ubora mlangoni, kwa sababu jiko hafifu likimuungulia mama mmoja mtaani, mtaa mzima unarudi kwenye mkaa. Na VETA wafundishe mafundi. Kinachochoka mara nyingi ni ule mpira wa mfuniko, kitu cha bei ndogo, lakini mama asiyeupata dukani hulitupa jiko zima uvunguni. Vipuri vifike kwenye maduka ya vifaa vya umeme kama balbu zilivyofika.

Sijasahau ambao barua hii haiwafikii leo. Nguzo za umeme zimefika vijijini, lakini nyumba nyingi zilizo chini ya nguzo hizo bado hazijavutiwa waya. Kuna mitaa ambayo jioni, kila mtu anapowasha, umeme unalegea mpaka taa inakuwa nyekundu. Transfoma ya pale haiwezi kubeba majiko bila kuongezewa nguvu. Kwao gesi, bayogesi ya mwenye ng'ombe na majiko banifu vitabaki kuwa msaada mkubwa kwa miaka kadhaa. Hata hivyo betri zinashuka bei, paneli za sola zimeshashuka, na siku itafika ambapo nyumba isiyo na nguzo itapikia jua lililohifadhiwa mchana.

Wala sijamsahau mchoma mkaa. Nimezaliwa Kilosa, na nimesoma kwa ada iliyotokana na magunia. Baba yangu mdogo alikuwa akilala porini siku kumi akilinda tanuri lisipasuke, na aliporudi mikono yake ilikuwa imepasuka mahali pa tanuri. Watu wa namna hiyo wasiamke siku moja na kuitwa waharibifu. Kilosa hiyohiyo imewahi kuonyesha kwamba kijiji kikipewa mamlaka juu ya msitu wake kinaweza kuuvuna kwa zamu na kuuacha uote tena. Kijana anayeendesha pikipiki yenye magunia matatu anaweza kufundishwa kuvuta waya, kutengeneza majiko na kutunza mizinga ya nyuki. Mpango wa kumtoa mama kwenye moshi uwe na ukurasa wa kumtoa na huyo porini.

Waheshimiwa, mwaka 2034 hauko mbali. Mtoto anayeanza darasa la kwanza sasa atakuwa bado shuleni utakapofika. Asilimia 80 haitafikiwa kwa semina wala kwa fulana za kampeni. Itafikiwa mama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akipiga hesabu yake ya asubuhi akaona umeme umemfaa. Nikiwa na mita, kipande cha boksi na nusu kilo ya maharage, nimeona hesabu hiyo ikikubali upande wa umeme na kukataa upande wa malipo.

Jirani yangu bado ana boksi lile. Namba za mita tulizoandika kwa mkaa zimeanza kufutika, kwa sababu kila alfajiri bado analitumia. Wiki iliyopita aliniuliza kama nimeshasikia lolote kuhusu kulipa jiko kwa LUKU. Nikamwambia nitaandika. Akasema shilingi 500 za kwanza ameshaziweka pembeni.

Wenu katika kulijenga Taifa,

Mwalimu wa fizikia,
Morogoro